Anayenunua eksikaveta ya msituni atazame visiki kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Zombo, Nebbi na Arua, pamoja na wakulima wa miti popote walipo Uganda, ambao siku hizi wanachangishana fedha ili wanunue eksikaveta ndogo, yaani mitambo ya kuchimbia udongo, zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mimi ni opareta wa mitambo. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikifungua njia za kutolea magogo, nikichimba mifereji na kung'oa visiki katika mashamba ya misonobari na mikaratusi kwenye miinuko inayouzunguka msitu wa Lendu. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama mtu achukue mtambo unaotembea juu ya mikanda ya mpira au juu ya cheni za chuma, na mara nyingi anayeniuliza huwa amekwisha kulipa arubuni ya ule wa mpira kwa sababu aliuona safi na mwenye kuuza alimhakikishia kwamba unakwenda popote.

Jibu langu ni kwamba anayekwenda kufanya kazi katikati ya visiki, mawe na miteremko achukue chuma. Nalisema hili nikijua kwamba mpira una sifa zake, nami nitazitaja, lakini nimeona vikundi vikipoteza akiba ya misimu miwili kwa jambo ambalo lingeamuliwa kwa kutembea shambani asubuhi moja kabla ya kulipa.

Mkanda wa mpira, kwa mtu anayeutazama kwa nje, ni mpira mtupu. Ndani yake kumbe mna nyaya za chuma zinazouzunguka mkanda mzima, na hizo ndizo zinazobeba mvuto wote wa mtambo. Pia mna vipande vya chuma vilivyozikwa humo ili gurudumu la meno lipate mahali pa kusukuma. Mpira ukichanwa mpaka nyaya zikaonekana, maji na matope huingia, kutu huanza kula kimyakimya, na mwenye mtambo haoni kitu mpaka siku mkanda unapokatika. Ukikatika hauna fundi wa kuushona porini, ni kununua mwingine mzima. Ukitumika vizuri kwenye ardhi laini mkanda huweza kufikisha saa 1,000 hadi 2,000 za kazi, lakini shamba la visiki halihesabu saa hizo.

Wakulima wa mikaratusi wanajua jinsi kisiki kinavyoachwa. Mti hukatwa chini, na mkato hulazwa kidogo ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe kisiki, kwa kuwa tunategemea machipukizi yake kwa mavuno yajayo. Mkato huo wa mshazari, ukikauka kwa majuma machache, huwa na ukingo mgumu mithili ya panga. Mwaka juzi nilikuwa na mtambo wa tani tano na nusu wenye mikanda ya mpira, mali ya kikundi kimoja cha wakulima, nikageuka kwa kuzungusha upande mmoja tu huku upande wa pili umekalia kisiki cha namna hiyo. Nilisikia mlio kama wa turubai linalochanika. Niliposhuka nilikuta mpasuko wa shibiri moja kwenye ukingo wa ndani, nyaya zimetoka nje zikiwa na kutu ya zamani, maana yake mkanda ulikuwa umeugua tangu siku nyingi na aliyetuuzia aliupaka rangi nyeusi ukang'aa. Saa mbili baadaye ulikatika na mtambo ukakaa kwenye mteremko siku kumi na tisa za mvua tukisubiri mkanda mwingine. Tulipokuja kuutoa, udongo mwekundu ulikuwa umefika kwenye rola za chini, yale magurudumu madogo yanayoubeba mtambo juu ya mkanda, na barabara tuliyokuwa tumeianza ilikuwa imekuwa korongo. Kosa la kugeuka vile lilikuwa langu, na nilikwisha kulikiri mbele ya wanakikundi. Lakini cheni ya chuma ingelisamehe kosa lile.

Cheni huharibika kipande kwa kipande, na hapo ndipo ubora wake ulipo kwa watu tunaofanya kazi mbali na mji. Cheni hutandikwa vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi; kibao kimoja kikipinda, unafungua bolti zake nne, unafunga kingine, na kabla ya saa sita mchana kazi inaendelea. Pini na bushi zinazounganisha vipande vya cheni zikilika upande mmoja, fundi anaweza kuzigeuza zikatumia upande ambao haujalika. Jambo la kuwa macho nalo ni upana wa vibao. Wanunuzi wengi huvutwa na vibao vipana wakidhani ndivyo vitakavyowavusha matope ya Agosti hadi Oktoba. Kweli kibao kipana hakizami upesi, lakini ncha yake ikikanyaga kisiki hufanya kazi ya mtaimbo: hupinda, hulegeza bolti na kuzikamua pini. Chukueni vibao vyembamba kadiri ardhi yenu inavyoruhusu mtambo usizame, msiende zaidi ya hapo.

Nimesikia hoja kwamba chuma huua udongo kwa uzito. Mtambo ule wa tani tano na nusu ulikuwa na mikanda yenye upana wa sentimita 40, na kila mmoja uligusa ardhi kwa urefu wa kama mita mbili, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ilibeba takriban gramu 340. Mtu wa kilo 70 anapotembea, akawa amesimama kwa mguu mmoja, huukandamiza udongo karibu kiasi hichohicho. Ukiuvisha mtambo huo cheni za chuma za upana uleule unaongeza uzito kidogo tu, na hesabu haibadiliki sana. Kinachoumiza shamba ni kupitapita ovyo, kwa sababu udongo hushindiliwa zaidi katika safari chache za mwanzo; mtambo unaopita njia mpya kila siku huharibu shamba lote, na unaoshika njia moja iliyotandikwa matawi huharibu njia hiyo peke yake.

Meno ya chuma yaliyo juu ya vibao, hata hivyo, yana ubaya ambao hesabu ya uzito haiuonyeshi, nao unaniuma kuutazama. Hukata mizizi ya juu ya miti iliyosimama, na yakipita juu ya kisiki cha mkaratusi huchubua gome, ilhali macho ya machipukizi yako chini ya gome hilohilo. Kwa hiyo mwenye shamba analopunguza miti michache huku mingine ikibaki ikue, au mwenye kitalu, au anayechimba mitaro kwenye viwanja vya shule na kuvuka lami mara kwa mara, huyo nitamwambia achukue mpira bila kusita, mradi ardhi iwe tambarare na mawe yawe machache. Kwenye mteremko wenye udongo wa mfinyanzi mpira hujaa matope ukateleza, na ukigeuka ukiwa umelala ubavu mkanda huchomoka kwenye rola. Chuma nacho huteleza juu ya mwamba mtupu uliolowa, opareta asijisahau. Vile vipande vya mpira vinavyofungwa juu ya vibao vya chuma ni vizuri kwa kulinda lami. Msituni visiki huving'oa.

Neno moja kwa maopareta vijana na utingo wao. Aina zote mbili hukazwa kwa grisi inayosukumwa ndani ya silinda, na grisi hiyo ina shinikizo la kutosha kutoboa ngozi. Mnapolegeza, fungueni nipeli, yaani kile kidude cha kuingizia grisi, kidogokidogo, na asiwepo mtu wa kuinama mbele yake kuchungulia. Matope yaondolewe kila jioni kabla hayajakauka, kwa kuwa yakishikamana kwenye gurudumu la meno hukaza mkanda au cheni kupita kiasi.

Kwa vikundi ambavyo vimekwisha kulipa, hasara inaweza bado kuepukwa. Mitambo mingi midogo hukubali aina zote mbili, hivyo mwenye mtambo wa mpira anaweza kuubadilisha, ila kabla ya kuagiza cheni amwite fundi apime kama gurudumu la meno na rola vinalingana nazo, kwa maana wakati mwingine navyo hubidi kubadilishwa. Kwa wale ambao bado hawajalipa, ombi langu ni kwamba mtambo uendeshwe polepole mbele yenu mpaka mkanda ukamilishe mzunguko mzima, nanyi mkague ukingo wake wa ndani, si wa nje unaopigwa picha, na mahali palipopakwa rangi pakwanguliwe kwa kisu mwenye kuuza akiwa amesimama hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Opareta wa mitambo,
Paidha, Zombo