Msinisifu kwa kuwahi kazini

Mheshimiwa Mhariri,

Kila mnapoandika habari za wasiwasi kwenye ukurasa wa afya, picha mnayoweka ni ileile: mtu amejikunyata ukutani, kichwa kakishika kwa mikono miwili. Naomba nafasi niseme kwamba katika miaka 19 ya kuishi na maradhi haya sijawahi kukaa hivyo hata siku moja. Mngenipiga picha mimi mngemwona mhasibu aliyefunga tai, meza yake safi, amefika ofisini saa nzima kabla ya wenzake. Picha hiyo ingefaa zaidi kwenye habari ya mfanyakazi bora. Vyeti vya mfanyakazi bora ninavyo viwili.

Watu husema wasiwasi ndiyo akili, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote. Orodha ya mishahara niliikagua mara saba kila mwezi. Sitii chumvi: kila nikimaliza niliweka alama ya penseli pembeni. Ujumbe wa mistari miwili niliurudia mpaka maneno yakapoteza maana. Leso haikutoka mfukoni, maana viganja vilinitoka jasho na ilibidi nivipanguse kabla ya kumpa mtu mkono. Siku moja bosi alipita mezani kwangu akasema, "Nitakuona baadaye kidogo." Kwa saa tatu nilizomsubiri nilikwisha kufukuzwa kazi, nyumba imekwenda, watoto wamerudishwa kutoka shuleni. Alipokuja alitaka stepla.

Inachekesha, najua. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikafungulia bomba, maji yakapita juu ya mikono mpaka ikaacha kutetemeka. Tuna msemo wa kufa na tai shingoni. Mimi tai nilikuwa nayo kweli. Nani angenihurumia? Kila nilichokifanya kwa hofu kilionekana ni bidii, na kila nikisifiwa niliona kumbe dawa ni kukagua mara ya nane.

Kilichonifikisha kwa daktari ni moyo. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, faili la mishahara limeshatumwa, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana. Niliamini ndiyo nakufa. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka kizuri. Damu ikapimwa, pamoja na homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo ikizidisha kazi huleta dalili zinazofanana na hizo. Nayo haikuwa na tatizo. Ile ganzi ya vidole, nilielezwa, ilitokana na kupumua harakaharaka hadi hewa ya kaboni dayoksaidi ikapungua kwenye damu. Halafu daktari akanipa karatasi yenye maswali 7. Linasomwa jambo moja moja, unasema limekusumbua mara ngapi katika wiki mbili zilizopita, kwa kujipa alama 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 21, na kuanzia 15 huhesabiwa kuwa wasiwasi mkali. Nilipata 17. Nikaomba nijumlishe tena. Daktari akanitazama tu.

Aliniandikia niende kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, na hapo nikapoteza miezi mitano. Mhariri, hilo neno "ushauri" lina lawama zake. Ushauri nilikuwa nao tele: jikaze, usiwaze sana, ondoa wasiwasi. Ondoa, kana kwamba ni kofia! Niende tena kwa mgeni akaniambie hayohayo?

Mama niliyemkuta hakunishauri kitu. Aliniuliza, "Ukiikagua mara sita badala ya saba, hasa nini kitatokea?" Nikafungua mdomo, jibu sina. Akanituma nikanunue daftari, nipige mstari katikati. Kushoto niandike ninachokiogopa na nina hakika kwa asilimia ngapi kwamba kitatokea. Kulia, siku zikipita, niandike kilichotokea. Tiba ya namna hii ilianza kujengwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, lakini kwangu ilikuwa ni kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, kazi ninayoifanya kila siku kwa fedha za wengine. Baada ya wiki sita, kushoto nilikuwa na mambo 41. Kulia yalikuwa yametimia mawili, na yote mawili yaliisha kwa kuomba radhi.

Zoezi lililonitoa jasho zaidi lilikuwa la kukosea makusudi. Nilitakiwa nitume tangazo la kikao lenye kosa moja la tahajia, nisilisahihishe, na kila baada ya dakika tano niipe hofu yangu namba kati ya 0 na 100. Nikaandika "kikoa" badala ya "kikao". Kidole kilikaa juu ya kitufe muda ambao sitausema hapa. Nikabonyeza. 85. Dakika tano, 90. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili nisiifuate kompyuta. 70. 55. Ilipofika dakika ya thelathini ilikuwa 30, na mwenzangu mmoja alikuwa amejibu: "Nitakuwepo."

Sisemi njia ilinyooka. Kikao cha nne nilidanganya kwamba kazi ya nyumbani nimeifanya. Wako wanaohitaji na dawa, na si aibu. Mimi nilimaliza vikao 14, na mara ya mwisho karatasi ya maswali 7 ilisoma 6. Mke wangu nilimweleza katikati ya safari hiyo, kwamba usiku nikiwa kimya huwa najumlisha mishahara kichwani. Alikaa kitako kitandani. "Kumbe ulikuwa unahesabu? Miaka yote hii naona midomo inacheza, nikajua unasali."

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na maradhi ya wasiwasi, na kwamba anayepata tiba ni takriban mmoja kati ya wanne. Siamini kwamba wote waliobaki wamejikunyata ukutani. Basi siku mkiandika tena, wekeni hata picha ya meza iliyopangwa vizuri kupita kiasi, na mwelezeni msomaji kwamba kwa mtaalamu haendi kushauriwa, anakwenda na daftari.

Barua hii nimeisoma mara mbili kabla ya kuituma. Mkikuta kosa, liacheni.

Mhasibu, jina lihifadhiwe