Kantri ya zamani nayo ilitungwa na watu wa pop

Mhariri,

Beyoncé, nyota wa pop aliyeingia kantri, akitajwa tu katika vipindi vya muziki wa kantri vya redio siku za Jumapili, wasikilizaji hupiga simu kulalamika kwamba watu wa pop wametuvamia, na kwamba kantri yenyewe ilikuwa ile ya Kenny Rogers na Dolly Parton. Mimi ni shabiki wa wawili hao tangu enzi za kanda, na hoja hiyo hainiingii kabisa.

"Islands in the Stream" waliyoiimba pamoja mwaka 1983, ambayo huku kwetu Kenya bado hupigwa harusini, ilitungwa na Bee Gees, ndugu watatu wale wale waliotuchezesha disko. "Lady" ya Rogers, ya 1980, ni kazi ya Lionel Richie, aliyekuwa bado na kundi la Commodores. Rogers alitia sauti tu. Zote mbili ziliongoza chati za pop na za kantri Marekani. Sasa tukianza kuwatoa watu wa pop, Kenny wetu atabaki na nini?

Na kantri nayo imewalisha watu wa pop. Dolly alitunga "I Will Always Love You" kumuaga Porter Wagoner, aliyekuwa akifanya naye kazi, akaitoa mwaka 1974. Anaiimba kwa upole, na ubeti wa mwisho anauzungumza tu, kama mtu aliyesimama mlangoni na mizigo yake. Mwaka 1992 Whitney Houston alianza peke yake bila ala hata moja, ubeti ule wa kuzungumza akauimba, na wimbo ukakaa kileleni Marekani wiki 14. Kabla ya hapo Elvis Presley aliutaka, lakini meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa. Msimamo huo ndio uliomwezesha kuvuna pesa vizuri Whitney alipokuja kuuimba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "Fast Car" ya Tracy Chapman, ambaye si mwimbaji wa kantri, ya 1988. Luke Combs, mwanamume wa kantri kutoka North Carolina, aliirudia mwaka 2023 bila kubadilisha hata mstari ule ambao msimulizi ni msichana wa kaunta dukani. Wengine wangegeuza maneno yawe ya kiume. Mwaka huo huo Chapman akawa mtunzi wa kwanza Mweusi kushinda Wimbo wa Mwaka katika tuzo za chama cha muziki wa kantri, CMA, kwa wimbo aliourekodi miaka 35 nyuma.

Wala haya si mageni. Santuri ya kwanza ya Elvis, 1954, ilikuwa na bluzi upande mmoja na wimbo wa Bill Monroe, gwiji wa bluegrass, tawi la kantri, upande wa pili. Ray Charles naye alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri mwaka 1962.

Sisemi kila kitu ni kitamu. Nyimbo nyingi za Nashville, kitovu cha kantri Marekani, siku hizi ni ngoma za kompyuta na maneno kuhusu malori na bia, na nikizisikia huzima redio. Lakini kosa hapo ni utunzi mbovu, si pop.

Ombi langu ni kwa watangazaji. Wanatuambia mwimbaji ni nani, wanatusomea salamu za nusu saa, lakini jina la mtunzi hulisikii. Nilipouliza kituo kimoja kwa ujumbe, nilijibiwa kwamba wasikilizaji hawajali. Tunajali. Jumapili ijayo wapige "Fast Car" zote mbili mfululizo, ya Chapman ikitangulia.

Mpenzi wa kantri,
Nakuru