Kiti mwendo si mzigo wa kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa konda wa haisi kwa miaka tisa, hapa Mbeya, Mbalizi hadi Uyole na kurudi, na leo nakuandikia nikiwa na mguu mmoja. Wa kulia ulikatwa chini ya goti, sababu kisukari. Nimeyataja yote mawili ili msomaji ajue kwamba mlango wa daladala nimeujua kwa ndani na kwa nje.

Alikuwepo mama mmoja aliyezoea kusimama Mafiati asubuhi na magongo yake. Suka, yaani dereva, akianza kupunguza mwendo, mimi nagonga bodi mara mbili: twende. Abiria akininung'unikia namjibu gari limejaa. Uongo. Siti tatu zilikuwa wazi, ila pale mbele Mwanjelwa najua kuna vichwa vinasubiri na nyuma kuna mwenzangu anapiga honi. Mama yule angekula dakika mbili, na dakika mbili kwenye barabara ile ni kumwachia mwenzako kituo kizima. Jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Hapunguzi hata mia kwa sababu ulimsaidia mtu kupanda.

Ndiyo maana nikisikia viongozi wanasema makonda wapewe semina wawe na utu, nacheka peke yangu. Utu ninao, nilikuwa nao hata wakati ule. Tazameni wanafunzi. Serikali iliwapangia nauli ya chini, jambo jema kabisa, lakini kila asubuhi mnawaona wamejazana vituoni haisi zinawapita. Amri bila kugusa hesabu, konda ataikwepa tu. Na sheria tunazo: ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Mimi nimeanza ukonda sheria zote mbili zipo, na sikuwahi kuzisikia zikitajwa stendi.

Kinachokula zile dakika mbili ni ngazi. Sakafu ya haisi iko karibu usawa wa goti la mtu mzima, na kituo chenyewe mara nyingi ni vumbi lililoshuka chini ya lami, kwa hiyo urefu unaongezeka. Masika yakianza panageuka tope, na kati ya barabara na maduka kuna mtaro unaovukwa kwa ubao. Mwenye magongo anaupita ubao ule kama anayetembea juu ya kamba. Wa kiti mwendo haupiti kabisa, anasubiri mtu.

Safari ndefu ndiyo kiboko. Mwaka jana nilikwenda Iringa kumwona dada yangu. Basi silitaji. Wapiga debe wawili walinibeba, mmoja kwapani, mwingine amekamata mguu uliobaki, wakanipandisha zile ngazi huku wakiambiana "mgeuze, mgeuze" kama wanaingiza kabati. Nikafikishwa kwenye siti, wakadai hela ya soda. Kiti changu kikaenda kwenye buti, na konda, kijana wa umri wa mwanangu, akaniambia, "Mzee, hicho ni mzigo, ongeza elfu tano." Nikamuuliza na miguu ya abiria wengine inalipiwa shilingi ngapi. Wenzangu walicheka. Elfu tano nililipa.

Tulipopita Igawa basi likasimama watu wachimbe dawa. Dakika tano, kila mtu na kichaka chake. Mimi nilibaki dirishani. Nilijua itakuwa hivyo, kwa hiyo tangu jana yake usiku sikuwa nimekunywa maji, na daktari wangu wa kisukari akilisoma hili atanigombeza. Wenye ulemavu wengi wanaosafiri barabara hii wanaijua dawa hiyo ya kiu. Asiyesikia naye ana lake: vituo vinatangazwa kwa mdomo tu, akisinzia Makambako anaamkia Mafinga.

Sasa niseme kilichonifanya nichukue kalamu. Barabara kuu hapa Mbeya iko kwenye mradi wa njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Hiyo ni njia yangu ile ile ya ukonda. Vituo vya daladala kwenye kipande hiki vijengwe na ukingo wa zege ulioinuliwa, uwe na mteremko mwanana upande mmoja. Mlango wa haisi uko kushoto na kituo kiko kushoto. Dereva akisogea vizuri, mwenye magongo anapiga hatua moja fupi badala ya kupanda ukuta. Dakika mbili zinakuwa nusu dakika, na konda hana tena sababu ya kugonga bodi. Dar es Salaam mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa sakafu ikiwa usawa wa basi. Huku sidai mabasi mapya. Nadai zege, tena pale ambapo zege linamwagwa.

Stendi nako wajenge jukwaa moja la namna hiyo kwa mabasi ya mikoani. Basi likiwa stendi linasubiri kujaza, halina haraka yoyote, kwa hiyo wenye ulemavu wapandishwe kwanza kabla vurugu za mizigo hazijaanza. Na LATRA, ambayo ndiyo inatoa leseni na kupanga nauli, iandike kwenye masharti ya leseni kwamba kiti mwendo na magongo havilipiwi. Mstari mmoja tu. Kijana yule wa elfu tano angekuwa na cha kuogopa.

Reli nisiisahau. TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na Septemba 2024 huko Beijing ilisainiwa hati ya kuifufua. Mabehewa niliyopanda mimi yana ngazi za chuma na korido ambayo hata mtu mnene anapita ubavu. Wanaopanga ukarabati waupime mlango na choo kwa kiti mwendo kabla ya kuagiza chochote, kwa sababu behewa likishafika hakuna atakayelikata.

Kwa wahandisi wa barabara: mimi huwa Mafiati kila Jumatatu saa moja asubuhi, nasubiri gari la kwenda kliniki. Njooni na futi. Wiki iliyopita haisi nne zilinipita, na ya tatu nilimwona konda wake akigonga bodi mara mbili.

Konda wa zamani,
Iyunga, Mbeya