Hesabu ya nyumba ya kupangisha haiishii kwenye kodi ya pango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu kauli inayorudiwa mara kwa mara katika makala za uwekezaji, ikiwemo moja mliyoichapisha hivi karibuni, kwamba anayenunua nyumba kwa mkopo ili aipangishe hana sababu ya kuhofu kwa kuwa mpangaji ndiye atakayelipa deni. Nimetunza hesabu za wenye nyumba kwa miaka mingi, na wengi walioiamini kauli hiyo walinijia wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Tuchukue nyumba ya 100,000, kwa fedha yoyote ile. Mnunuzi anatoa 20,000 zake na kukopa 80,000 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki. Rejesho la kila mwezi ni takriban 881. Nyumba inapangishwa kwa 1,000, na dalali, ambaye hulipwa siku ya mauzo na si siku bomba linapopasuka, anamwambia kwamba zitabaki 119 kila mwezi. Hakuna uongo hapo, ila mwaka wa nyumba ya kupangisha ni nadra kuwa na miezi 12 ya kodi. Mpangaji akihama, kuta zikapakwa rangi, na mwingine akatafutwa na kuhakikiwa, mwezi mmoja umekwenda. Matengenezo, bima, kodi ya majengo na ujira wa msimamizi vikichukua sehemu moja ya tano ya pango la miezi 12, makisio ambayo kwa jengo kongwe nayaona ya huruma, zinaondoka 2,400 nyingine. Zinabaki 8,600 kwa mwaka, ilhali benki inadai karibu 10,570. Pengo la takriban 1,970 huzibwa na mshahara wa mwenye nyumba, yule yule aliyeambiwa kwamba hatatoa kitu.

Kuna atakayesema kwamba hiyo si hasara, kwa kuwa deni linapungua. Linapungua, lakini mwanzoni kwa mwendo wa konokono: katika rejesho la kwanza 800 ni riba na 81 tu ndizo zinazogusa mkopo wenyewe, na mwaka ukiisha deni litakuwa limeshuka kwa 1,026 hivi. Anayekusudia kuuza baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo, anategemea bei ipande. Ikishuka kwa asilimia 20, fedha zake zote alizotanguliza zimefutika ingawa jengo halijapata hata ufa. Wamarekani wengi walijikuta katika hali hiyo bei za nyumba zilipoporomoka kuelekea mwaka 2008 na baada yake, wakidaiwa zaidi ya thamani ya nyumba walizokuwa wakiishi.

Riba nayo huwa haitulii. Mkopo huo huo ukitozwa asilimia 15, rejesho linakuwa 1,053, yaani zaidi ya pango lote kabla hata ya kununua taa moja. Kabla ya kutia saini ni lazima mkopaji aulize riba imefungwa isibadilike kwa muda gani, kama kuna adhabu ya kulipa mapema, na kama inakokotolewa kwenye salio au kwenye kiasi chote cha awali. Hili la mwisho watu hulipita haraka, na si haki yake: asilimia 12 ya kiasi chote cha awali ni 9,600 kila mwaka hadi mwaka wa mwisho, wakati deni lililosalia ni dogo kabisa.

Kuhusu hatimiliki sina mengi, kwani wanasheria huliandikia vizuri zaidi: ithibitishwe kwenye masjala ya ardhi kwamba muuzaji ndiye mmiliki na kwamba hakuna rehani juu ya mali hiyo. Naongeza tu kwamba kama nyumba ina mpangaji, mkataba wake usomwe, kwa sababu mnunuzi huenda akaurithi pamoja na pango lake dogo na amana ya mpangaji ambayo muuzaji amekwisha kuitumia.

Sipingi uwekezaji huu. Nyumba ile ile, mnunuzi akitanguliza 40,000 na kukopa 60,000, inadaiwa takriban 7,930 kwa mwaka, na zile 8,600 zinatosha, zikisalia karibu 670. Riba ikifika 15 hesabu inageuka tena, ndiyo maana huwashauri wateja wangu waweke kando marejesho ya miezi sita kabla ya kununua. Wachache hunisikiliza, kwa kuwa fedha hiyo huonekana imelala bure.

Ninaloomba kwenu ni dogo. Mtakapochapisha tena jedwali la bei za nyumba na pango lake, ongezeni safu ya gharama na ya miezi ambayo nyumba hukaa tupu.

Wenu,
Mtunza hesabu