Wazee wasianguke wakihamishwa wodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usalama wa wagonjwa wazee wanapohamishwa kutoka kitengo kimoja cha hospitali kwenda kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Mzee aliyelala siku kadhaa, tena anayetumia dawa za shinikizo la damu au za usingizi, akisimamishwa ghafla hupatwa na kizunguzungu na miguu humwishia nguvu kabla hajashika chochote. Kwa hiyo aketishwe kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, avae miwani yake na viatu visivyoteleza, na breki za kiti cha magurudumu zifungwe kabla hajanyanyuliwa. Hayo hayahitaji bajeti.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mara nyingi kazi ya kumsukuma mgonjwa hadi chumba cha eksirei huachiwa ndugu waliokuja kumjulia hali, ambao hawajaelekezwa lolote, huku wodi itakayompokea haijui kwamba amewahi kuanguka. Naziomba hospitali zetu ziandike hatari hiyo kwenye faili, muuguzi anayemkabidhi amweleze mwenzake kwa mdomo, na mzee asiachwe peke yake koridoni juu ya machela ambayo vizuizi vyake vya pembeni havijapandishwa.

Msomaji wako,
Tanga