Usalama wa gridi upimwe kabla ya hitilafu

Ndugu Mhariri,

Njia ya umeme wa msongo wa kilovoti 400 itokayo Singida, ikapita hapa Arusha na kuvuka Namanga hadi Isinya, Kenya, ni jambo la kushukuru, ila inatudai tupime usalama wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, kwa makini zaidi. Kanuni ya wahandisi ni kwamba mfumo ustahimili kupotea kwa kifaa kimoja chochote kikubwa. Mtambo mmoja tu wa Bwawa la Julius Nyerere una uwezo wa megawati 235; ukizimika ghafla, masafa ya umeme (idadi ya mizunguko yake kwa sekunde) hushuka chini ya hezi 50 papo hapo, hivyo mitambo ya akiba iwe tayari inazunguka ili izibe pengo.

Tarehe 28 Septemba 2003, saa tisa usiku, umeme uliruka kutoka njia moja ya Uswisi iliyopeleka umeme Italia hadi kwenye mti, njia nyingine zikaelemewa, na ndani ya nusu saa karibu Italia yote, isipokuwa Sardinia, ikawa gizani. Umeme wa jirani huokoa, na pia huambukiza.

Naomba matokeo ya tathmini ya usalama wa gridi yatangazwe, na tathmini yenyewe irudiwe kila mzigo, yaani mahitaji ya umeme, unapobadilika.

Msomaji wenu,
Njiro, Arusha