Fedha hizo zinatoka mfuko upi?

Nairobi, Jumapili usiku

Mama Furaha wangu,

Habari za siku nyingi, za Bunia, za mvua, za watoto? Huku tu wazima. Shangazi anakuulizia kila akimaliza chai. Mengine nayaacha kwa leo, maana zile kurasa tatu ulizonitumia picha zimeninyima usingizi.

Ukurasa wa pili umekatika pembeni (mwambie yule kijana ashike simu vizuri), lakini kilichosomeka kinatosha. Kina mama wa chama, manusura wa ukatili wa kingono vitani huko Kongo, wanapewa "msaada wa kijamii", kila mmoja fungu lake, na chini kabisa pana mstari kwamba mpokeaji anakubali suala "limekwisha na halitafufuliwa". Kisha saini kabla ya mwisho wa mwezi. Haraka hiyo ni ya nani?

Unaniuliza wapokee au wakatae. Mimi ningeanza na swali jingine: fedha hizo zinatoka mfuko upi, na anayezitoa anakiri nini? Wanawake wa Korea, Ufilipino na Taiwan waliotiwa utumwani katika madanguro ya jeshi la Japani, katika vita vyake vya miaka ya 1930 na 1940, wamelipigania swali hilo zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mtego ulio mbele yenu wao wameshaukanyaga.

Mwaka 1995 Japani iliunda Mfuko wa Wanawake wa Asia. Kwa mbali ulipendeza: yen milioni 2 kwa kila manusura, barua ya kuomba radhi yenye saini ya Waziri Mkuu, na juu yake fedha za matibabu. Lakini zile milioni 2 zilikuwa michango ya raia. Serikali ilitoa za matibabu na za kuendesha ofisi, ikashikilia kwamba wajibu wake ni wa kimaadili tu, wa kisheria hakuna, kwa kuwa mkataba wa amani wa 1951 na ule wa 1965 kati yake na Korea Kusini imeshamaliza madai yote. Bibi aliyekuwa akidai haki akajikuta anapewa sadaka. Mfuko ulipofungwa mwaka 2007, waliokuwa wamepokea katika nchi hizo tatu walikuwa 285.

Na hapa ndipo pananiuma, maana dalili zake naziona katika barua yako, pale unapoandika kwamba Mama Sifa "ameshanunuliwa". Januari 1997 wanawake saba wa Korea walipokea fedha za Mfuko. Walisemwa vibaya kweli, tena na watu wa upande wao. Mwanamke wa miaka sabini na ushei, mgonjwa, maskini, anabebeshwa heshima ya taifa zima! Mwaka uliofuata serikali ya Korea ikatoa fedha zake yenyewe, kwa sharti kwamba mpokeaji asiguse za Mfuko. Kule Ufilipino, Maria Rosa Henson, wa kwanza nchini mwake kujitokeza hadharani, mwaka 1992, alipokea mwaka 1996. Sioni nani ana ubavu wa kumwita msaliti. Kwa hiyo tafadhali, atakayepokea asitengwe, asifutwe kwenye orodha ya madai, asinyimwe kiti mkutanoni. Ugomvi wenu ni na karatasi. Mama Sifa mwacheni.

Hiyo "halitafufuliwa" yenu imenikumbusha Desemba 28, 2015. Siku hiyo mawaziri wa mambo ya nje wa Japani na Korea Kusini walitangaza, pale Seoul, mapatano "ya mwisho yasiyoweza kutenguliwa". Safari hii fedha zilitoka hazina ya Japani, yen bilioni 1. Mfuko ulikuwa sahihi. Waliokosekana ni wenye shauri, maana manusura hawakushirikishwa. Korea ikaahidi kunyamaza mbele ya mataifa, na kujitahidi kulimaliza suala la ile sanamu ya msichana ya kuwakumbuka wanawake hao, iliyowekwa mwaka 2011 mbele ya ubalozi wa Japani: ameketi, ngumi amekunja mapajani, visigino havigusi chini, na kando yake kiti kitupu. Sanamu inaitesa Japani kuliko kesi. Ilipowekwa nyingine San Francisco, meya wa Osaka alivunja undugu wa miji hiyo miwili uliodumu tangu 1957. Kwa sanamu!

Basi, zaidi ya thelathini kati ya 47 waliokuwa hai walipokea, manusura wengine, kina Kim Bok-dong, wakakataa katakata, na mwaka 2018 serikali mpya ya Korea ikatangaza kuivunja taasisi iliyokuwa ikigawa fedha hizo. Ungedhani yameishia hapo. Aprili 2021 mahakama ya Seoul ilitupa kesi ya kundi moja la manusura kwa hoja ya kinga ya dola (kwamba nchi haishtakiwi katika mahakama ya nchi nyingine), na jaji akayataja mapatano yaleyale kuwa njia mbadala ya kupata haki. Umeona? Karatasi iliyotiwa saini na wengine ikasomwa dhidi yao. Na miezi mitatu tu kabla, Januari 8, katika mahakama hiyohiyo, jaji mwingine alikuwa amewapa walalamikaji 12 won milioni 100 kila mmoja, akisema kinga ya dola haifuniki uhalifu wa namna hii na kwamba madai yao hayakufutwa na mkataba wa 1965 wala mapatano ya 2015. Lile kundi lililoshindwa likakata rufaa, likashinda Novemba 23, 2023: won milioni 200 kila mmoja. Japani haikufika mahakamani wala haizitambui hukumu hizo. Lakini hukumu ipo, na mtu wa kuifuta hayupo.

Kwa hiyo mwambieni wakili (yule mrefu, si yule wa suti) alikate lile neno "halitafufuliwa" na mahali pake aandike: "Kupokea fedha hizi hakuondoi dai lolote la mpokeaji dhidi ya mtu, kundi au dola yoyote, mbele ya mahakama yoyote." Juu yake litajwe jina la anayelipa na analipa kwa kosa gani la nani. Karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kila mama abaki na nakala yake, apewe siku za kufikiri. Na asiweke mtu dole gumba mkutanoni mbele ya wenzake na mbele ya mwenye fedha. Ridhaa ya namna hiyo wakili mchanga tu ataivunja. Wakikataa kulitoa sharti, waulizeni sababu kwa maandishi. Jibu lao litawafaa siku moja.

Halafu angalieni wangapi wamo kwenye kesi ya Bosco Ntaganda, yule kamanda wa waasi wa Ituri. Mwaka 2019 ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilimtia hatiani, utumwa wa kingono ukiwemo, na Machi 8, 2021 ikaamuru fidia ya dola milioni 30, ambayo baadaye iliongezwa kidogo. Yeye hana kitu, ndiyo maana Mfuko wa Waathirika wa The Hague unahangaika kutafuta. Mama aliyemo humo, au anayesubiri FONAREV, mfuko wa serikali wa fidia kwa waathirika huko Kongo, asisaini neno "limekwisha" kabla wakili hajajibu kama linamgusa.

Sasa ushuhuda, maana nao nimeuona unavyokusanywa na sikuupenda. Mama mmoja kuhojiwa na mwanahabari, kisha na mfadhili, kisha na mwanafunzi, kila safari tarehe zinasogea. Wakanushaji wa Japani wamekula miaka kwa kulinganisha maelezo ya bibi mmoja ya mwaka huu na ya mwaka ule. Mahojiano makuu yawe moja, na mtu aliyefundishwa, maswali ya wazi: "kisha ikawaje?", si "walikuwa askari wa fulani, sivyo?" Asipokumbuka tarehe, aulizwe msimu, mavuno, ujauzito wa nani. Andikeni sare, lugha waliyosema, jina la kambi, jina la kamanda kama lilivyoitwa. Rekodi ibebe namba badala ya jina, ufunguo wa majina ukae mji mwingine. Ridhaa igawanywe mara tatu: ya kuhifadhi, ya mahakama, ya kutangazwa. Anayekubali moja hajakubali tatu.

Na mchujeni kila shahidi, hasa anayewapendeza sana. Alikuwepo Mjapani, Yoshida Seiji, aliyedai kwamba aliwateka wanawake kisiwa cha Jeju. Alikuwa mwongo. Gazeti la Asahi lilifuta habari zake Agosti 2014, na hadi leo wakanushaji wanamtumia kana kwamba shauri zima lilimtegemea yeye. Halikumtegemea. Kim Hak-sun, manusura wa Korea, alikuwa amesimama mbele ya kamera kwa jina lake Agosti 14, 1991, na Januari 1992 mwanahistoria Yoshimi Yoshiaki akatangaza nyaraka alizozikuta maktaba ya Wakala wa Ulinzi wa Japani, mojawapo ikiwa barua ya Wizara ya Vita ya Machi 4, 1938 kuhusu kuajiri wanawake wa madanguro hayo. Serikali ya Japani iliyokuwa ikisema ni biashara ya watu binafsi ikakwama. Sauti ya mtu na karatasi ya adui: tafuteni vyote viwili.

Lile wazo la vijana la mahakama ya wananchi, isiyo ya dola, mimi nalikubali, ila waambie si jukwaa la nyimbo. Ile ya Tokyo kuhusu madanguro hayo, Desemba 2000, ilikuwa na waendesha mashtaka, mashahidi, askari wawili wa zamani waliokiri, na mawakili wa kueleza hoja za Japani baada ya serikali kualikwa na kutojibu. Sheria iliyotumika ni ile iliyokuwapo wakati wa vita. Miongoni mwa majaji wanne alikuwemo Willy Mutunga wetu, kabla hajawa Jaji Mkuu wa Kenya. Hukumu kamili ilichukua mwaka mmoja zaidi, ikatolewa The Hague Desemba 4, 2001, na ilimkuta Mfalme Hirohito na hatia. Mnaye wa kuandika kwa mwaka mzima? Basi msianze bado.

Hesabu nazo! Mei 2020 Lee Yong-soo, manusura mwenyewe, aliita wanahabari akalalamikia namna michango inavyotumika. Kesi dhidi ya aliyekuwa kiongozi wa shirika la Korea linalowatetea manusura ilifika hadi Mahakama ya Juu, hatia ikathibitishwa Novemba 2024. Michango isiingie kamwe simu ya mtu. Akaunti ya chama, saini tatu, na mmoja wa watia saini awe mama manusura.

Nimekumbuka na hili. Kim Bok-dong na Gil Won-ok mwaka 2012 walianzisha Mfuko wa Kipepeo kwa ajili ya wanawake wa vita vingine, na msaada wa kwanza ulikwenda kwenu Kongo, kwa marehemu Mama Masika aliyekuwa akiwasaidia manusura wa ubakaji. Ule ulikuwa msaada ulioitwa msaada, bila mstari wa chini.

Sasa nijibu. Nani hasa aliandika hiyo karatasi, na nani alimleta? Picha ya ukurasa wa pili utanitumia lini? Kina mama wangapi wameshaweka dole? Walisomewa? Nani anaishika rejista ya majina, bado ni yule binti, na kompyuta yake ina nenosiri? Mama Sifa umemtembelea, au umemsema tu? Na wewe unakula?

Wasalimie wote wa Mudzipela.

Wako,
Zuhura